Nyama Aliyoniletea Mtani Kikoti

Wewe ambaye ukila unavimba, na watu wa nyumbani mwako wakikuona hivyo wanatazamana wao kwa wao, kaa hapa nikusimulie. Mimi nimeshapona, maana yake nimeshajua cha kutokula, na kwa ugonjwa huu sijaona kupona kwingine. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la tatu, kwa hiyo usinitafutie hapa majina ya dawa wala mambo yanayotokea ndani ya damu. Hayo waulize wenyewe. Mimi nitakueleza nilivyovimba, nilivyongoja, na jinsi mkwe wangu Restituta alivyokaribia kurudishwa kwao kwa sababu ya midomo yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Songea, ambayo tulizoea kukuta chumvi na viberiti, na siku nyingine viberiti peke yake, yakaanza kujaa. Sabuni za kila rangi, mafuta ya kupikia ya kwenye madumu, biskuti, redio, na mitumba mpaka ikamwagwa chini. Nilikuwa nakaa Msamala, na bado nakaa, kwa mwanangu Deogratias, fundi seremala, na mkewe Restituta, Mmatengo wa kule Mbinga. Mume wangu Damiani Komba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Aliniachia nyumba ya matofali ya kuchoma, cherehani isiyoshona, na dada yake Filomena. Huyu wifi yangu Filomena alikaa Matogoro, na tangu kaka yake afe alijipa kazi ya kutuangalia. Kila Jumapili baada ya misa alipanda kiti cha mlangoni akatuangalia mpaka jioni.

Halafu kuna Kikoti. Kikoti ni Mhehe, na sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Asiyejua nimweleze: babu zetu walipigana wakachoka, wakaona bora watukanane. Mtani anaingia kwako bila hodi, anakaa kwenye kiti cha marehemu, anadai chakula, anakuita mtumwa wake, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Hata msibani anakuja, anaigiza marehemu alivyokuwa anakoroma, watu wanacheka na machozi yao. Na neno la mtani halipimwi. Akikuambia nyumba yako inaungua, wewe unamwambia akaote moto.

Huyu Kikoti alikuja zamani na lori la tumbaku, akaoa Namtumbo, akabaki huko. Alipokuwa anakuja mjini kwa biashara zake alipitia kwangu, na chini ya gunia lake la mahindi palikuwa na kifurushi cha nyamapori, imekaushwa kwa moshi mpaka imekuwa kama ukuni. Chini ya gunia, kwa sababu askari wa wanyamapori hawana utani. Sisi tunawaambia Wahehe kwamba wanakula mbwa, wao wanatuambia tunakula panya, kwa hiyo mazungumzo yangu na Kikoti miaka yote yalikuwa ya nyama.

"Kamwene, mtumwa!" ataita tangu barabarani kwa salamu ya kwao.

"Leo umeniletea mbwa wa nani?" namuuliza.

"Leo si mbwa, bibi kizee. Leo pundamilia. Ameoga na kuvaa fulana yake ya mistari, anakusalimu."

"Na mwezi uliopita?"

"Mwezi uliopita alikuwa simba. Mwezi ujao nakuletea askari mwenyewe, mkavu, na kofia yake."

Tunacheka. Restituta anachukua kifurushi, anailoweka nyama, anaipika na karanga, tunakula na ugali. Mioyoni mwetu tulijua ni nyati. Nyama yote ya upande ule watu waliiita nyati, na hakuna aliyekwenda kuuliza zaidi, maana ukiuliza sana nyama haiji tena.

Mara ya kwanza nilivimba Pasaka, mvua zikiwa zinakaribia kukatika. Nimemaliza kula, nimenawa, mara midomo ikaanza kuwasha kama niliyelamba upupu. Nikajikuna. Macho nayo. Nilipoinua uso, mjukuu wangu Benadeta akaacha kijiko.

"Bibi, umekuwa andazi!"

"Benadeta, adabu!" Deo akamkemea, halafu akanitazama, akageuka ukutani mabega yakimtetemeka. Mwanangu wa kumzaa. Nikaomba kioo. Kwa kweli nilikuwa andazi, tena lile la kwanza kutumbukizwa kwenye mafuta ya moto, lililoumuka upande mmoja. Mwilini palitoka mabaka mapana, na pete yangu ya ndoa ikazama kidoleni, ikabidi Deo aikate kwa msumeno wake mdogo wa chuma huku nasali.

Akaenda dukani akaniletea vidonge vyeupe vya kuzuia kuwasha. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya kwanza, na kazi yake ilikuwa kunilaza. Nililala Pasaka yote. Nilipoamka uso umerudi. Tukakaa tukatafuta mchawi wetu, tukampata: mafuta mapya ya dumu. Ya zamani tulikamua wenyewe, haya yametoka Mungu anajua wapi. Restituta akampa jirani, Mama Hyera, dumu zima. Mama Hyera akapika nalo mpaka likaisha, wala hakuvimba hata ukucha, akawa anatuuliza kama kuna jingine tunaloliogopa.

Mara ya pili ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi. Safari hii tulikamata sweta. Nilikuwa nimenunuliwa na Deo sweta la mtumba, la zambarau, sufu nzito, linafika magotini, na baridi ya Songea mwezi wa sita unaijua. Filomena akalinusa.

"Wifi, hili limevaliwa na mzungu akafa nalo."

"Umejuaje amekufa?"

"Angekuwa hai angelivua? Sweta zuri hivi?"

 Akalichukua ili akalichome Matogoro, mbali na watoto. Mwezi wa nane nililiona kanisani, benchi la tatu, Filomena akiwa ndani yake. Nilipomtazama akainamisha kichwa akasali kwa bidii.

Dawa ya pili ilikuwa mizizi ya mganga, mzee Ndimbo, ya kuchemshwa kwenye chungu na kunywa kabla ya jua. Ladha yake ni kama umelamba mnyororo wa baiskeli. Ilinisaidia sana tumbo, ambalo halikuwa linaumwa.

Utaniuliza, na nyama hamkuifikiria? Tuliifikiria. Lakini Kikoti alikuja mara nyingi tukala na nisivimbe. Anakuja, nakula, nalala salama. Anakuja tena, nakula, nakuwa andazi. Ugonjwa wenye kigeugeu namna hiyo unakuchosha akili. Tuliacha karanga, tukarudia karanga. Tuliacha kisamvu. Nililazimishwa kuacha ugimbi, pombe yetu ya kienyeji, ambao naapa hauhusiki, na nikaurudia bila kumwambia mtu.

Mara ya tatu ndiyo iliyotuharibia nyumba. Benadeta alipata Kipaimara, tukaalika watu, Filomena akiwemo. Kikoti alipita siku moja kabla, akasema yale yale ya pundamilia, tukacheka vile vile. Sufuria moja, mwiko mmoja, watu wote wakala. Wakati wa kupiga vigelegele nikashindwa kupiga, midomo imekuwa mizito. Restituta akaniona kabla ya wengine. Akanishika mkono akanipeleka chumbani, akalowesha kitambaa kwenye maji ya mtungini akaniwekea usoni. Mpaka leo ubaridi ule naukumbuka. Unapovimba, ngozi inakuwa kama si yako, na mtu akikugusa bila kushtuka anakurudishia uso wako.

Filomena akasimama mlangoni.

"Sote tumekula," akasema. "Amevimba mmoja."

"Shangazi, mwache apumzike," Restituta akamjibu.

"Mimi nauliza tu. Chakula hakina macho ya kumchagua mtu. Mwenye macho ni anayepakua. Nani amempakulia?"

Kitambaa kikasimama shavuni pangu. Sikuona kitu, macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, lakini nilisikia chumba kizima kinageuka kumtazama Restituta.

Nilisema, "Filomena, toka." Lakini midomo ile ilitoa sauti kama ya bata, na huko nje mtu akacheka, na neno langu likapotea.

 Kuanzia hapo Deo akawa anakula bila kuinua kichwa. Alimpenda mkewe, lakini mimi ni mama yake, na shangazi yake alimfuata mpaka kwenye karakana kumwambia wanaume wangapi wamezika mama zao wakiwa wanachekacheka na wake zao. Restituta naye akaanza jambo lililoniumiza kuliko kuvimba. Akinipakulia, anachukua tonge la kwanza kwenye sahani yangu, anakula mbele yangu, anameza, ndipo ananipa. Hakuna aliyemwambia.

"Mwanangu, acha," nikamwambia.

"Mama, niache nionje. Wakiniuliza niwe na la kusema."

"Mimi sijakushuku hata siku moja."

"Najua, Mama. Lakini wewe ukivimba huwezi kuongea."

Ilikuwa kweli, tukacheka wawili, halafu akafuta macho kwa kanga.

Mavuno yalipoingia ghalani Filomena akaitisha kikao cha ukoo. Aliyetakiwa kukiongoza ni Festo, kaka mkubwa wa marehemu. Shauri lilikuwa Restituta aende kwao Mbinga "akapumzike kidogo" mpaka afya yangu ieleweke. Kila mtu alijua maana yake. Mwanamke akirudishwa kwao kwa maneno kama hayo, jina linafika kabla yake, na hakuna anayemfuata. Wanangu wale wawili walikuwa na watoto watatu. Nikasema kikao kikikaa nitasema nisemalo, na Mungu aniwekee midomo yangu sawa siku hiyo.

Mungu akaniweka kando. Kabla ya kikao Kikoti akapita tena. Nyama niliiloweka mwenyewe, na viganja viliwasha humo humo majini, nikadhani ni baridi. Restituta akapika, tukala mchana, na safari hii uvimbe haukukaa usoni. Ulishuka kooni. Nikawa navuta pumzi kama mtu anayevuta uzi kwenye tundu la sindano. Deo alikimbia barabarani akasimamisha pikapu ya mteja wake, nikapandishwa juu ya mbao, Restituta amenishika kichwa, tukaenda hospitali ya misheni. Njiani nilikuwa nawaza jambo moja: nikifa leo, wameshaamua nani ameniua.

Sikufa, unaona naandika. Nilichomwa sindano mkononi, nyingine pajani, na koo likafunguka taratibu. Sitakuficha, nililia. Kesho yake nikaambiwa nikangoje kwenye benchi, Sista anataka kuniona.

Kuhusu kungoja nikupe siri. Benchi la hospitali linajaa watu kama mahindi gunzini, lakini ukifika na uso uliovimba, watu wanasogea. Alisogea mzee Tawete mwenye mguu mbovu, akasogea mama mmoja wa Namtumbo aitwaye Emerensiana na mapacha wake, wakasogea wote mpaka nikapata nusu benchi. Nikajilaza. Katika ugonjwa wangu wote sikupata heshima kubwa kama ile.

Sista Adelhaida alikuwa mzungu wa makamo, Kiswahili anacho, na kando yake alisimama Nesi Oliva, binti wa hapa hapa. Mlango ulikuwa wazi, benchi zima linasikiliza, kwa sababu kungoja bila kusikiliza ya mwenzako ni kazi ngumu. Akaniuliza nilichokula, chote, tangu Pasaka. Mimi majina ya watu na vyakula hayanipotei. Nikamtajia kila mlo na aliyekuwepo. Akaandika, akaacha kuandika, akaniuliza:

"Bibi, umewahi kula farasi?"



"Farasi, Sista?"

"Ndiyo, nyama ya farasi. Kwetu watu wanakula. Mdogo wangu wa kiume akila ng'ombe hana shida, nguruwe hana shida. Akila soseji ya farasi anavimba kama wewe, hivi hivi."

Emerensiana akashika mdomo. Mzee Tawete akasema kwa sauti, "Kumbe wanawala!" Mimi farasi nilimjua mmoja tu, yule wa kwenye picha ya Mtakatifu Martini kanisani, na nilimwambia Sista kwamba yule hatujamgusa, bado yuko ukutani.

"Na punda?"

"Punda kwetu hatuli, Sista."

"Pundamilia?"

"Hapana. Hayo ni maneno ya mtani wangu tu."

Kalamu ikasimama. "Maneno gani?"

"Anayeniletea nyama. Akija anasema ni pundamilia. Lakini ni mtani."

"Anasema ni pundamilia."

"Ndiyo."

"Na wewe unaniambia hujala pundamilia."

"Sista, huyu ni Mhehe!" nikamwambia, maana nilifikiri hapo ataelewa. Nikamgeukia Nesi Oliva anisaidie.

Oliva akajaribu. "Sista, mtani akisema jambo, hilo ndilo watu hawaliamini. Akisema ni simba, si simba. Akisema pundamilia, si pundamilia."

"Na akitaka kusema kweli, anasemaje?"

 Oliva akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mzee Tawete. Mzee Tawete akasema, "Hapo Sista ametukamata."

Akaniambia niache nyama ya farasi na jamaa zake wote, wenye mistari na wasio na mistari, hata mchuzi, hata sufuria isiyooshwa vizuri. Akanipa vidonge vya kuweka karibu. Nimevifunga kwenye pindo la kanga tangu siku hiyo, na sherehe yoyote nikienda nauliza jikoni ni mnyama gani, naonekana mlafi, haidhuru. Nawe uliza. Aibu ya kuuliza inaisha kabla ya pilau, koo halina subira hiyo.

Nilitoka hospitali nikiwa nimebeba jibu kama mtu aliyebeba kuku wa zawadi. Filomena akalinyonyoa kwa dakika moja.

"Sista amejuaje ni pundamilia?"

"Nimemwambia mimi."

"Wewe umejuaje?"

"Kikoti amesema."

"Basi," akasema, akakaa vizuri kwenye kiti. "Maneno ya Mhehe yamekwenda misheni yakarudi yamevaa miwani."

Kikao kikakaa Jumapili, uani kwetu. Baridi ilikuwa imeanza kupungua. Festo kwenye kiti chenye mikono, wazee wanne, Filomena, Deo ameinama. Restituta alikuwa mlangoni pa jiko. Nyuma yake niliona sanduku lake la bati, limefungwa kamba tayari. Hakutaka kusubiri kuambiwa.

Kikoti tulimwita, akaja amevaa koti na amenyoa ndevu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Wazee walipomwona amenyoa wakaanza kucheka.

"Wakubwa zangu," akasema, na hajawahi kuwaita wakubwa zake. "Leo siko hapa kwa utani."

Festo akajipiga paja. "Endelea, Mhehe, endelea."

"Nyama niliyokuwa namletea bibi, mara nyingine ilikuwa nyati, mara nyingine pundamilia. Yule mwindaji akipata hiki analeta hiki. Na mimi kila ilipokuwa pundamilia nilimwambia bibi ni pundamilia."

Wakaangua kicheko. Mzee mmoja, Benedikto, akakohoa mpaka akapigwa mgongoni.

"Jamani, nasema kweli! Mbele za watu ningesema vipi nisikamatwe? Nilisema kama utani ili mpelelezi akisikia acheke na yeye. Lakini huyu bibi sikumficha!"

"Na simba je?" akauliza Festo, anafuta machozi.

"Simba nilitania."

Hapo walikufa kabisa. Akaapa kwa mama yake, wakacheka zaidi. Akapiga magoti, Benedikto akaomba aruhusiwe kwenda kujisaidia. Sijapata kuona mtu anateseka vile kwa kusema ukweli. Nikamtazama Restituta, nikaona ameinama anashika kishikio cha sanduku.

Nikasimama. "Kikoti, nyama unayo?"

"Nimekuja nazo zote mbili. Kifurushi hiki nyati, hiki pundamilia."

"Filomena," nikasema, "zipike. Wewe mwenyewe, kwa sufuria zako za Matogoro, chumvi yako, moto uwashe wewe. Restituta asikaribie hata jiwe la jiko. Sitakula, Sista amekataza. Utanipaka mchuzi mkononi, huku mmoja, huku mwingine."

Filomena hakuweza kukataa, alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba anatafuta ukweli tu. Benadeta na nduguze wakakimbizwa Matogoro kuleta sufuria. Akapika. Tukangoja, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kwa hospitali, maana benchi halikusogea. Mchuzi ulipopoa akaja, akachovya vidole vitatu kwenye sufuria ya nyati akavipitisha kwenye mkono wangu wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka kiganja. Akaosha, akajifuta, akachovya kwenye ile nyingine, akavipitisha kwenye mkono wa kulia.

Ngoja nikueleze hapa hapa: usifanye hivi. Sista aliposikia alinigombeza mpaka Kiswahili kikamwisha, akaendelea kwa lugha yake. Hata ngozi inatosha kukuua, akasema. Mimi nilikuwa mzee na nilikuwa na mkwe wa kumtetea. Wewe nenda hospitali.

Tulisali rozari, na hatujamaliza fumbo la pili mkono wa kulia ukaanza kuwasha. Sikusema. Nilinyoosha mikono yote miwili mbele ya Festo. Wa kushoto, mkavu, mkono wa bibi kizee. Wa kulia ulikuwa umeinuka pale pale vidole vya Filomena vilipopita, mistari mitatu minene, na katikati yake ngozi yangu ya kila siku.

"Bibi amekuwa pundamilia!" Benadeta akapiga kelele.

Safari hii hakuna aliyecheka. Festo alivaa miwani, akainama, akafuata mstari mmoja kwa kidole bila kuugusa. Kikoti ndiye aliyeamka. Ule unyonge ukamtoka, akawa Kikoti wetu.

"Nani amepika?" akauliza.

"Filomena," wakajibu wazee.

"Nani amempaka?"

"Filomena!"

"Chakula hakina macho! Mwenye macho ni anayepakua! Mchawi huyu hapa, na mimi mtani nimemkamata!" Akamfunga Filomena mikono kwa kanga yake mwenyewe, akatangaza hatamfungua mpaka akombolewe kwa jogoo. Na Filomena, mbele ya ukoo mzima, hakuruhusiwa kukasirika.

"Niachie, mla mbwa wewe!" akasema.

"Jogoo!"

"Deo," akasema Festo, akiwa bado na miwani, "kafungue lile sanduku."

Deo alikwenda. Aliikata kamba kwa kisu, hakufungua fundo, na akakaa pale jikoni kwa muda. Tukamwacha. Mimi nilimeza kidonge changu, nikawekewa kitambaa cha maji, na aliyeniwekea ni yule yule.

Jua likawa limeinama na watu wana njaa. Sufuria ya pundamilia Kikoti akaifunika akaisukuma mbali nami. Restituta akasonga ugali, akachukua ile ya nyati, akapakua. Sahani ya kwanza hakumpa Festo. Alimpelekea Filomena, aliyekuwa ameshafunguliwa, jogoo ameahidiwa. Akapiga goti, akaishika kwa mikono miwili.

"Karibu, Shangazi."

  Filomena aliitazama sahani, akaitazama mikono iliyoishika, na nikaona anapiga mahesabu ambayo hakuna mtu angeweza kumsaidia. Akanawa. Akamega tonge, akachovya, akaokota na kipande cha nyama, akala. Akatafuna muda mrefu, macho yetu yote yakiwa kwenye koo lake. Akameza.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Umepika wewe, Shangazi," akajibu Restituta.